Kiti cha Mbele

Steenwijk, Jumanne, 6 Juni 2017

Wifi yangu Akke,

Tumefika salama, miguu mizima, makalio nisiseme. Tangu Jumatatu ya Pentekoste tulipotoka Dokkum upepo umekuwa usoni mwetu, kana kwamba umelipwa kazi hiyo. Mwenyeji wetu wa leo ni mjane mwenye paka watatu. Ametupa kahawa na biskuti moja moja, kisha akafunga kopo, kwa hiyo nimejisikia niko kwetu Friesland.

Nakuandikia wewe kwa sababu huna simu ya mkononi na kwa hiyo huwezi kunijibu kwa pupa. Soma mpaka mwisho kabla ya kusema lolote, hata peke yako jikoni.

Kaka yako haoni.

Sisemi haoni kabisa. Anaona ng'ombe, anaona mawingu, anaona mtu akipita pembeni. Lakini jana Heerenveen alilisalimia sanduku la posta. "Habari za asubuhi, bwana," akasema, na kofia akainua. Leo mchana kajimiminia kahawa, nusu ikaingia kikombeni na nusu mezani, akasema meza imeinama. Anadai miwani ameisahau nyumbani. Wifi, miwani imo kwenye mfuko wake wa kushoto, nimeiona nilipokuwa natafuta soksi.

Unajua baiskeli yetu ya watu wawili. Yeye yuko mbele na usukani na breki, mimi niko nyuma na pedeli zangu, hivyo hivyo tangu 1976. Na unajua jinsi watu wanavyosafiri siku hizi: kila njia panda ina kibao chenye namba, unatoka namba moja unaifuata nyingine mpaka ufike. Namba zote mpaka Maastricht, huko kusini tunakokwenda, amezihifadhi kichwani kama katekisimu, hilo nampa heshima. Lakini kuijua namba ni jambo moja na kukiona kibao ni jingine. Kwa hiyo tukikaribia njia panda najiinamisha pembeni ya mgongo wake, nasoma kibao, kisha naimba. "Thelathini na nne, kushoto," naimba kwa sauti ya zaburi. Yeye anakata kushoto. Jana akaniambia, "Hiske, safari hii umechangamka sana."

Utaniuliza kwa nini simwambii. Wewe ndiye uliyemlisha baba yenu uji mwaka ule walipomnyang'anya baiskeli. Unakumbuka alivyokaa dirishani akihesabu wanaopita, mpaka akaacha kuhesabu, na kabla ya baridi ya pili tukamzika. Douwe wangu ana miaka sitini na tisa. Nikimwambia "huoni", ataiuza baiskeli Jumamosi, na Jumapili atakuwa kwenye kiti kile kile. Sitaki, Akke. Nampenda akiwa anatokwa jasho na kugombana na upepo.

Niapie kwamba hutamwambia.

Wifi yako,
Hiske


Steenwijk, Jumanne, jioni

Dada Akke,

Usishangae ukubwa wa herufi. Ni kalamu nene, ndiyo pekee niliyopata, na miwani nimeiacha Dokkum.

Huo ni uongo. Miwani ninayo lakini haisaidii. Nakuambia wewe kwa sababu tangu utoto umekuwa ukinitunzia siri, hata ile ya dirisha la mchungaji.

Mwezi wa tatu nilikwenda kwa daktari wa macho Leeuwarden. Jicho la kulia lilishaanza mwaka juzi, sasa na la kushoto limelifuata. Katikati ya kila kitu kuna doa, kama mtu aliyeshika kioo kwa kidole chenye siagi. Pembeni naona vizuri. Nikitaka kuuona uso wa mtu namtazama sikio. Daktari amesema sitapofuka kabisa ila lile doa halitatoka. Gari nisiendeshe. Kuhusu baiskeli hakusema kitu, na mimi sikumwuliza.

Hiske nilimwambia daktari amesema ni uzee tu.

Sasa sikiliza kwa nini. Mwezi wa pili Geeske, rafiki yake, alifanya sherehe ya kuzaliwa. Tulikaa duara kama kawaida, nami nikaenda jikoni kumsaidia kukata keki. Nikiwa na sahani mkononi nikamsikia Hiske sebuleni anawaambia wenzake, "Siku Douwe akishindwa, nitanunua baiskeli ya umeme na kuondoka na wanawake wanaoendesha kila Alhamisi." Wakacheka wote. Nikarudi na keki, nikagawa, nikacheka na mimi, ingawa sikujua nacheka nini.

Simlaumu. Ana miaka sitini na sita na mapafu ya farasi. Lakini mimi najua kiti cha dirishani kilivyo, nilikaa karibu nacho. Nataka kufika Maastricht mara moja tena nikiwa mbele, halafu nitasema mwenyewe.

Hiske hajui lolote. Siku hizi anaimba namba barabara nzima, nadhani ni furaha, na kusema kweli inanisaidia mno.

Usimwambie.

Kaka yako,
Douwe


Ameland, Alhamisi, 8 Juni

Wifi Hiske,

Naituma Zutphen kwa wenyeji wenu wa Ijumaa, kama mlivyoniandikia kwenye ile orodha ya vituo. Meli ya mchana inaondoka baada ya saa moja kwa hiyo sitazunguka.

Nimeapa, basi nimeapa. Lakini kuapa hakunizuii kukuuliza maswali. Huko nyuma ulikokaa, una breki? Huna. Nimepanda baiskeli ile mwaka 1981 na nakumbuka nilivyoomba Mungu wa mbele na wa nyuma. Kwa hiyo uhai wako umeshikwa na mtu anayeyavulia kofia masanduku ya posta. Hilo umelifikiria, au nalo umeliimba?

Swali la pili. Ile habari ya kununua baiskeli ya umeme uliyoisema nyumbani kwa Geeske, uliisema kwa nini? Usiniulize nimeipata wapi. Kisiwani upepo unaleta kila kitu.

Unamlinda mume wako, sawa. Ila mume si yai. Watu wawili wako juu ya baiskeli moja, mmoja hataki kukiri kuwa haoni, mwingine hataki kukiri kuwa anaona. Mimi huku kondoo wangu wana akili kuliko ninyi, na juzi mmoja amekwama kichwa kwenye ndoo.

Wifi yako anayekupenda na kukukasirikia,
Akke


Ameland, Alhamisi, 8 Juni

Douwe,

Naandika kwa kalamu ya kuandikia magunia ya viazi, ili usihitaji msomaji. Karatasi ni mbili tu, kwa hiyo matusi nimeyapunguza.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe unataka kuumbuka na mke wako mgongoni.

Siri yako ninayo. Ya dirisha la mchungaji ilikuwa kioo kimoja. Hii ina mifupa ya watu wawili.

Mtu anayesikia nusu ya neno akiwa jikoni asijifanye amelisikia lote. Muulize mkeo. Mdomo unao, huo daktari hajaukataza.

Akke


Zutphen, Ijumaa, 9 Juni

Wifi yangu Akke,

Barua yako nimeikuta. Mwenyeji, mwalimu mstaafu, alitoa bahasha mbili. Yangu ya kawaida, na ya Douwe imeandikwa herufi kubwa kama tangazo la mnada. Nikamwuliza, "Kwa nini dada yako anakupigia kelele kwa kalamu?" Akasema macho yako wewe ndiyo yanazeeka. Akaenda kuisomea bustanini, pua imegusa karatasi. Najua ulichokifanya na nakushukuru, ingawa sijui umemwandikia nini.

Sasa nikueleze siku ya leo, maana nimefanya kitu.

Tuliondoka Ommen saa tatu asubuhi. Jana mvua ilituzuia huko kutwa nzima, leo jua, na kwa mara ya kwanza upepo mgongoni. Tulikula kilomita bila kuzisikia. Karibu na Raalte tulisimama kwenye benchi tukala mayai ya kuchemsha na mkate mweusi wenye jibini, na Douwe akaniambia nywele zangu zimekaa vizuri. Alikuwa anatazama sikio langu. Nilifurahi hata hivyo.

Baada ya hapo njia inanyooka, mfereji kulia, mashamba ya mahindi kushoto, hakuna njia panda kwa muda mrefu. Hakuna namba ya kuimba. Nikapumzika na kipande changu cha mwisho cha mkate, natazama bata na watoto wao. Mbele sioni kitu, unaujua mgongo wa kaka yako. Nikamsikia anasema, "Watu wa huku wakarimu, wanatupungia mkono." Naye akawapungia.

Wifi, walikuwa wanaume watano wakipunga mikono yote miwili. Kulikuwa na kibao cha manjano cha kututaka tupite njia ya pembeni, tulikipita. Kulikuwa na utepe mwekundu na mweupe, nilidhani kuna sherehe ya harusi, ukakatika kifuani mwa Douwe kama mshindi wa mashindano. Kisha baiskeli ikalainika. Ndivyo nilivyohisi, ikalainika chini yetu, ikapunguza mwendo, ikazama, ikasimama wima yenyewe bila kushikwa. Tulikuwa katikati ya zege bichi, njia mpya ya baiskeli, wamelimwaga asubuhi hiyo hiyo na walikuwa wamekaa kunywa kahawa wakisubiri lishike.

Mimi bado nilikuwa na mkate mdomoni.

Msimamizi wao akaja, bonge la mtu, taratibu kama anayekwenda kutazama maiti. "Bwana mkubwa," akamwambia Douwe, "kibao kile kina ukubwa wa mlango wa zizi. Hukukiona?"

Akke, nikauona uso wa Douwe kwa upande. Ukawa mweupe. Na mimi, kabla sijafikiri, nikasema kwa sauti, "Ni mimi. Yeye alitaka kukata kushoto, mimi nikamwambia anyooke moja kwa moja."

"Mama, wewe ndiye uliyesema?"

"Ndiyo. Mimi ni mbishi. Muulize yeyote Dokkum."

"Hata sisi tuna mmoja nyumbani," akasema mwingine, wakaanza kucheka, na mambo yakalainika kuliko lile zege. Wakatubeba mmoja mmoja, mimi nikabebwa na kijana mwenye michoro shingoni, sijabebwa hivyo tangu harusi. Wakaleta bomba la maji wakaosha magurudumu na mnyororo haraka kabla halijakauka, wakatupa kahawa. Msimamizi akapiga magoti na ubao wake akaufuta ule mfereji tuliouchora, meta ishirini na mbili, alizipima kwa hatua na kututangazia. Akasema kwa miaka yake yote ameokoa paka na kulungu, ila hii ya watu wawili ndiyo ya kwanza.

Kutoka pale mpaka hapa Zutphen Douwe hakusema neno. Kilomita thelathini na kitu. Aliendesha polepole, nami nikaimba kila kibao, hakuniambia nimechangamka. Naogopa. Nilidhani nimemwokoa aibu mbele za watu, sasa sijui nimefanya nini. Ukimya huu naujua, baba yenu alikuwa nao.

Kuhusu ya umeme: Geeske alikuwa anajigamba na lile baiskeli lake jipya la umeme mpaka chai ikapoa. Nikasema vile kumnyamazisha. Kwani nani amekuambia?

Hiske


Zutphen, Ijumaa

Dada Akke,

Barua yako nimeisoma yote. Imenichukua dakika arobaini.

Hiske atakuwa ameshakusimulia kuhusu zege, namsikia anaandika na kucheka huko juu. Kwa hiyo mimi nitakuambia kitu kimoja tu.

Aliwaambia wale watu kwamba yeye ndiye aliyeniambia ninyooke. Akke, hakuniambia. Hakuniambia chochote, alikuwa anakula mkate. Unamfahamu Hiske. Miaka arobaini na mmoja hajawahi kubeba kosa langu hata moja. Mwaka 1988 nilipofunga vibaya mfuko na nguo zetu zote zikaanguka mtoni Vecht, aliwasimulia watu wa mahema yote, kwa majina na rangi za chupi. Leo mbele ya wanaume watano amelichukua kosa langu bila kuulizwa, haraka kama mtu anayedaka kikombe kinachoanguka. Mtu hadaki hivyo kama hakuwa amekaa akisubiri kianguke.

Kwa hiyo anajua. Na kule kuimba si furaha.

Niliyafikiria hayo kilomita thelathini na tatu. Kwanza nilikasirika, nikasema moyoni, kumbe nimekuwa mtoto anayeshikwa mkono. Kisha nikafikiri kwamba tangu Dokkum amekuwa akikaa nyuma yangu bila breki, anajua sioni, na kila asubuhi anapanda.

Sijui nitamwambia nini. Naona haya. Mkono wangu umechoka na kalamu imeanza kukauka.

Douwe


Ameland, Jumanne, 13 Juni

Kwa Douwe na Hiske, wote wawili, mfungue pamoja mkiwa mmekaa

Barua zenu za Zutphen nimezipata leo tu. Nimezisoma bandarini, nimesimama, nikalikosa basi.

Tangu wiki iliyopita nimekaa na viapo viwili, kimoja kila mfukoni. Sasa naona kimoja kinakula kingine, na mimi ndiye ninayepungua. Hata kondoo wameniona. Kwa hiyo navivunja vyote, na mchungaji wetu akitaka kuniuliza, anajua nyumba yangu ilipo.

Hiske, kaka yangu haoni katikati, na anajua. Daktari alimwambia mwezi wa tatu. Alikuficha kwa sababu alikusikia kwa Geeske akiwa na keki mkononi, akaamini kwamba siku atakapokiri utanunua ya umeme na kumwacha dirishani.

Douwe, mke wako anajua kwamba huoni, amejua tangu ulipoliamkia sanduku la posta. Ndiyo, lilikuwa sanduku la posta. Alikuficha kwa sababu aliogopa kwamba siku ukiambiwa utaiuza baiskeli na kukaa dirishani mwenyewe.

Kwa hiyo wote wawili mmekimbia kiti kimoja, kila mmoja upande wake, mpaka mkaingia kwenye zege.

Baba hakufa kwa sababu hakuweza kuendesha. Nililala chumba cha pili yake, najua. Alikufa kwa sababu hakuna aliyemwambia, "Basi kaa nyuma yangu." Tulimnyang'anya funguo za baiskeli tukadhani tumemsaidia. Hilo sijawahi kulisema na limenikaa miaka kumi na minane.

Nimemaliza. Nichukieni, ila mnichukie mkiwa mmesimama, si mkiwa mnaendesha.

Akke


Venlo, Alhamisi, 15 Juni

Wifi yangu Akke,

Barua yako tumeikuta hapa, nami nikaisoma kwa sauti mezani, mwenyeji na mbwa wake wakisikiliza, maana hatukujua ilivyo. Nilipofika pale penye "mke wako anajua," Douwe akasema, "Mwambie amechelewa siku tano." Lakini nilipofika kwa baba yenu akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akatoka na mbwa wa watu akazunguka naye mtaani. Usijutie kulisema. Aliporudi alisema hata yeye alikuwa na funguo zile mkononi siku ile, si wewe peke yako.

Sikukuandikia kabla kwa sababu mikono inaniuma, kama utakavyoelewa.

Jumamosi asubuhi kule Zutphen niliteremka nikamkosa jikoni. Nikatoka uani na vikombe viwili. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya baiskeli na spana, anafanya kazi kwa vidole, macho ameyaelekeza kwenye ukuta. Kiti cha mbele alikuwa amekishusha. Cha nyuma alikuwa amekiinua mpaka mwisho.

Nikamwuliza, "Nani kashusha kiti?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hukuniambia ninyooke."

Akke, niliviweka vikombe. Nilikaa chini pale pale kwenye matofali. Akaniambia yote, daktari, doa, keki, ya umeme, kwa mpigo mmoja, huku bado amekishika kiti kama mtu anayeweza kunyang'anywa. Nikamwambia kwamba ile ya umeme nilimtupia Geeske tu, na kwamba mimi na wanawake wa Alhamisi tungeuana kabla ya kufika Leeuwarden, wanasimama kila kilomita tano kupigana picha. Nikamwambia ninavyoogopa lile dirisha. Akalia, nami nikalia, na mwalimu akatoka akatuona tumekaa chini na spana, akauliza kama baiskeli imeharibika.

"Hapana," Douwe akamjibu, "imetengenezwa."

Usidhani ilikuwa rahisi. Mara ya kwanza, mimi nikiwa mbele, tulikwenda meta kumi tukaingia kwenye ua wa watu. Mara ya pili nilisahau kwamba breki ni zangu, nikamngojea yeye ashike, na bata mmoja ananidai maelezo. Kaka yako huko nyuma hakauki maneno. Punguza gia. Ongeza gia. Mbona umekwenda kulia sana. Ilipofika mchana nikasimama nikamgeukia. "Douwe, miaka arobaini na mmoja nimekuuliza tunakwenda wapi, ukanijibu nini?"

"Nilikujibu 'wewe kanyaga.'"

"Basi."

Akakanyaga. Na ana nguvu, wifi, sikuwahi kujua. Nilipokuwa nyuma nilidhani kazi kubwa ni yangu. Sasa kwenye vilima vya huku Limburg nahisi mtu ananisukuma kutoka chini, wala sihangaiki na barabara. Mwezi wa saba tutakwenda pamoja kwa yule daktari, na safari hii nitamwuliza mimi kuhusu baiskeli, swali likiwa limenyooka.

Ananinyang'anya karatasi. Kalamu nene amenunua mpya.

Hiske

Dada,

Hiske hajui kupiga kona. Hilo liandikwe kwanza.

La pili, nakuambia kuhusu pembeni. Mtu wa mbele haoni pembeni, anaona lami. Miaka yote hii mimi nimeona lami ya Uholanzi nzima na sehemu ya Ubelgiji. Sasa katikati nina mgongo wa Hiske, na huo hata doa likae juu yake naujua. Pembeni, ambako macho yangu yangali mazima, kuna kila kitu. Leo nimeona korongo amesimama kwenye mtaro, mguu mmoja. Nimeona bibi anaanika shuka na kuzungumza na jogoo. Nimeona kinu cha upepo kisicho na mbawa, nikamwuliza Hiske kimeungua lini. Akasema kimekuwa hivyo tangu mara ya kwanza tulipopita, na kwamba ndani yake kuna mtu anafuga nyuki, alishanionyesha mara nane.

Kumbe kila safari alikuwa akinionyesha. Nakumbuka sauti yake nyuma yangu, "Douwe, tazama kule," na mimi nikijibu, "Ndiyo, ndiyo," bila kugeuza shingo. Nilimwomba msamaha kwa hilo kabla ya kumwomba kwa ajili ya zege.

Nimemwomba anisimulie upya vyote alivyoviona kuanzia mwaka 1976. Alianza leo mchana. Mpaka jioni tulikuwa bado tuko mwezi wa nane wa mwaka ule ule. Amepiga hesabu kwamba kwa mwendo huu tukifika Maastricht tutakuwa 1979 hivi, na yaliyobaki hayawezi kuenea kwenye treni ya kurudi.

Kwa hiyo tiketi za treni tumempa mwenyeji. Tutarudi Dokkum kwa baiskeli.

Douwe